Maji, Sombe na Karatasi

Katika picha za zamani za Route 66 utaona magari yenye mfuko wa turubai umening'inizwa mbele. Watalii wa leo hudhani ni pambo. Ulikuwa mfuko wa maji. Turubai lilipitisha unyevu kidogo kidogo, upepo wa mwendo ukaukausha, na maji yaliyobaki ndani yakapoa, kama yanavyopoa kwenye mtungi wa udongo. Watu walikunywa, na rejeta ikichemka katikati ya Jangwa la Mojave, nayo ikanyweshwa.

Nimeanza na mfuko huo kwa sababu barabara yenyewe imeshasifiwa vya kutosha. Ilipewa namba yake mwaka 1926, ikatoka Chicago hadi Santa Monica kupitia New Mexico na Arizona. Baada ya sheria ya 1956 ya kujenga barabara kuu mpya, miji yake ikaanza kupitwa mmoja baada ya mwingine, na mwaka 1985 namba hiyo ikafutwa rasmi. Taa za rangi za moteli zake zimebaki kwenye fulana na vikombe. Mimi nasomea shahada ya uzamili ya historia hapa Arizona, na naamini anayetaka kujua familia zilisafirije jangwani aache taa hizo, afungue buti la gari.

Buti la familia ya Wamarekani weusi katika miaka ya 1940 lilikuwa na kuku wa kukaanga, mkate, mayai ya kuchemsha, mablanketi, na mara nyingi kopo la kujisaidia watoto. Wazee waliosimulia safari hizo wakiwa watoto wanakumbuka chakula hicho kama sherehe. Mama zao walijua sababu yake: mgahawa uliokuwa mbele ungeweza kuwakataa, na choo cha kituo cha mafuta pia, hata kama mafuta yenyewe waliuziwa. Jangwani hilo lilikuwa na uzito wake, maana kutoka mji mmoja hadi mwingine ni mbali, na ukikataliwa kulala hapa huna pa karibu pa kujaribu tena.

Ndiyo maana Victor Hugo Green, mgawa barua wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha mwongozo, Green Book, chenye orodha ya mahali ambapo msafiri mweusi angepokelewa. Matoleo yake mengi yanasomeka mtandaoni kupitia Maktaba ya Umma ya New York. Ukurasa wa New Mexico ni mfupi. Albuquerque ilikuwa na moteli tele kando ya Route 66, lakini wageni weusi walielekezwa zaidi kwenye nyumba za watu binafsi, kwa mama fulani mwenye chumba cha ziada. Upande wa Mojave, karibu na Victorville, Nolie na Lela Murray walikuwa na ranchi ya wageni ambako familia nyeusi zilipanda farasi na kupumzika kama watu wengine. Bondia Joe Louis alifika huko mwaka 1937.

Albuquerque ilibadilika, na haikubadilika yenyewe. Mwaka 1947 mwanafunzi wa chuo kikuu, George Long, alikataliwa kuhudumiwa kwenye mgahawa ulioitwa Oklahoma Joe's. Wanafunzi wenzake wakaususia. Long akasomea sheria na kushiriki kuandika rasimu ya sheria ndogo ya jiji iliyopiga marufuku ubaguzi huo, ikapitishwa mwaka 1952. Jimbo likafuata mwaka 1955, miaka 9 kabla ya Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani nzima. Nilipomsimulia Mama, aliuliza swali moja tu: "Na hicho chakula chenyewe kilikuwa kitamu?"

Mama naye hasafiri bila sufuria. Tuliishi Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa Tucson nikiwa na miaka 15. Kambini, mkimbizi hutoki bila kibali. Kabla ya hapo, kule Fizi, watu walisafiri kwa msiba, kwa harusi, au kwa kukimbia. Safari ya kwenda kutazama milima na kurudi, bila mgonjwa wala maiti, Mama aliijulia hapa, akiwa na miaka zaidi ya 40. Aliijulia kwa namna yake: sombe kwenye sufuria iliyofungwa kwa kitenge, chapati, madumu mawili ya maji. Nikimwambia njiani kuna migahawa, hujibu, "Nani ajuaye mbele kukoje, mama?"

Sitaki kulinganisha kirahisi. Mama anaweza kuingia mgahawa wowote jangwa hili. Tahadhari yake aliipata kwenye barabara nyingine kabisa.

Ila kuna bahasha. Mama ni raia sasa, lakini bahasha ya kaki yenye karatasi zetu zote hukaa kwenye droo ya gari. Mwaka jana tulikwenda Tumacácori kuona kanisa la kale la wamisionari wa Kihispania, kusini mwa Tucson. Barabara ya I-19 ina jambo la ajabu: vibao vyake vya umbali vinaonyesha kilomita, si maili, na Mama hufurahi kuvisoma kwa sauti. Tuliporudi, kaskazini mwa Tubac, tulifika kwenye kizuizi cha Doria ya Mpakani. Vizuizi vya aina hiyo vilihalalishwa na Mahakama Kuu mwaka 1976 katika kesi ya Martinez-Fuerte: gari husimamishwa bila kushukiwa kitu, na mahakama ilikubali hata sura ya mtu ichangie uamuzi wa kumweka pembeni kwa maswali zaidi.

Afisa aliuliza kama sote ni raia. Wadogo zangu wakanyamaza. Mama akasema ndiyo, bahasha ikiwa tayari mapajani. Hakuitazama, akatupungia mkono tupite.

Mama hakuirudisha kwenye droo. Aliishika hadi kibao kilichofuata, akasoma kilomita zilizobaki kufika Tucson, kisha akamwambia mdogo wangu afungue sufuria.