Nyumba ya Miti: Tulivyojenga Zamani na Tunavyojenga Leo

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Kaeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari na kalamu yake. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: nguzo, fito, kiunzi, msingi. Tutayakuta mara nyingi katika somo la leo.

Somo letu ni historia. Wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme na vita tu. Sivyo. Nyumba unayolala ina historia yake. Ninyi mlioko Nyamigogo, na pande zote za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, mmezungukwa na historia hiyo. Leo tutauliza jambo moja: kwa nini babu zetu walijenga kwa namna yao, kwa nini sisi tumebadili, na je, katika kubadili tumepata nini na tumepoteza nini?

1. Nyumba ya mviringo

Hapo kale, watu wa Kagera na nchi jirani za Rwanda na Burundi walijenga nyumba za mviringo zilizoezekwa kwa nyasi. Wahaya waliita nyumba hiyo mushonge, na kwa Kiswahili twaiita msonge. Ukiitazama kwa mbali, msonge hufanana na kichuguu kikubwa: nyasi zake huanza kileleni na kushuka mpaka karibu na ardhi.

Msonge haukujengwa kwa kubahatisha. Mjenzi alichimbia kigingi katikati ya kiwanja, akafunga kamba, kisha akazunguka nayo akichora duara. Juu ya duara hilo zilichimbiwa nguzo. Ndani zilisimamishwa nguzo nyingine ndefu za kubeba paa. Halafu fito laini zilipindwa na kuzungushwa, pete juu ya pete, kubwa chini na ndogo juu, zote zikafungwa kwa kamba za magome au za migomba. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Hicho ndicho kiunzi, yaani mifupa ya nyumba. Mwisho zilikuja nyasi.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kamba yako ikiwa na urefu wa mita 3, duara utakalochora litakuwa na mzingo wa mita 19 hivi. Ukiweka nguzo moja kila nusu mita, utahitaji nguzo 38. Je, utapata nafasi kiasi gani ndani? Utapata kama mita 28 za mraba. Lakini ukichukua ukuta wa urefu ule ule wa mita 19 na kujenga nyumba ya pembe nne zilizo sawa, utapata mita 22 na nusu tu za mraba. Mwalimu, wape wanafunzi kamba moja wajaribu uwanjani. Basi, twaona kwamba mjenzi wa msonge alipata nafasi kubwa zaidi kwa miti michache zaidi. Hakujua kuandika, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Moto ulikaa ndani ya nyumba. Moshi ulipanda na kupita katika nyasi, ukazikausha na kuwafukuza wadudu, na hivyo paa likadumu zaidi. Lakini moshi huo huo uliumiza macho na vifua vya watu, hasa akina mama na watoto. Hatusemi basi kwamba kila kitu cha kale kilikuwa chema. Twasema tu kwamba kila kitu kilikuwa na sababu yake.

2. Shoka na msitu

Nguzo hukatwa kwa shoka, na shoka hutoka katika chuma. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba Katuruka, karibu na Bukoba, walikuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Maana yake, watu wa upande huu wa Ziwa Viktoria walikuwa na chuma tangu zamani sana. Lakini kuyeyusha chuma kwahitaji makaa mengi, na makaa hutoka katika miti. Kwa hiyo hata wakati ule msitu ulikuwa ukilipa gharama.

Wajenzi walichagua miti yao. Wahaya walipenda mti uitwao omushambya kwa nguzo za nyumba, kwa sababu mchwa hawaushambulii upesi, na tena ukiukata huchipua upya. Katika misitu ya miombo ya Biharamulo ilikuwako miti migumu kama mninga. Mzee aliyejua miti alikuwa kama mwalimu. Aliweza kusema mti upi wafaa nguzo, upi wafaa fito, na gome la upi latoa kamba.

Pamoja na hayo, nguzo iliyochimbiwa ardhini haidumu milele. Unyevu huozesha mguu wake, na mchwa huumaliza. Baada ya miaka kadhaa nyumba ilijengwa upya, mara nyingi mahali pengine. Jambo hilo halikuwa balaa, maana ardhi ilikuwako, msitu ulikuwako, na majirani walikuwako. Wanaume walikata miti na kufunga fito, wanawake walikata nyasi, walichota maji na kukanda udongo, na mwenye nyumba aliwapa chakula na pombe. Kesho yake alikwenda yeye kumsaidia mwingine. Gharama ya nyumba ilikuwa deni la kazi, wala haikuwa deni la fedha.

3. Pembe nne zaingia

Wajerumani walipoitawala nchi yetu, walileta mambo mapya mawili yanayohusu somo hili. La kwanza ni kodi. Mwaka 1897 walitoa amri ya kutoza kodi ya nyumba, na tangu hapo nyumba ikawa kitu cha kuhesabiwa na serikali. La pili ni mfano wa majengo yao. Pale Biharamulo lipo boma walilojenga mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene na pembe nne. Nyumba za misheni, za shule na za ofisi nazo zilikuwa na pembe nne.

Baadaye wakaja Waingereza. Kati ya vita viwili vya dunia waliwahamisha watu wa sehemu za Biharamulo na kuwakusanya pamoja, kwa ajili ya ugonjwa wa malale unaoletwa na mbung'o. Watu walioacha nyumba zao iliwabidi kujenga tena haraka.

Tena likaja bati. Bati ni bapa na limenyooka, haliwezi kuvikwa paa la mviringo kwa urahisi. Aliyepata fedha za kahawa na kutaka bati, alilazimika kwanza kuwa na nyumba ya pembe nne. Tena nyumba ya pembe nne yakubali kitanda, kabati na meza, na ukitaka chumba kingine waweza kukiongeza ubavuni. Kwa hiyo watu walibadili umbo, ila hawakubadili ukuta. Walichimbia nguzo zile zile, wakafunga fito zile zile, wakakandika udongo ule ule.

4. Wakati wa vijiji

Tarehe 6 Novemba, 1973, Rais Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo imalizike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mkoa wetu wakati ule uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera lilikuja mwaka 1979. Katika nchi nzima mamilioni ya watu walihama. Wengine walihama kwa hiari, na wengine walilazimishwa. Wako waliofika mahali papya wakakuta uwanja mtupu, nao wakajenga vibanda kwa miti iliyokuwa karibu.

Hapa ndipo historia ya nyumba ilipogeuka. Zamani nguzo ilipooza, mtu aliweza kuhama. Sasa mtu alikuwa na kiwanja chake, katika mstari wake, karibu na shule na zahanati. Hakuhama tena. Lakini alikuwa bado akijenga nyumba ya mtu anayehama! Kila nguzo zilipooza, alirudi msituni kukata nyingine, na kila mwaka msitu ulikuwa mbali zaidi.

Kisomo cha redio kilisaidia kuzungumza mambo hayo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza usafi na kuchimba vyoo. Mwaka 1980 ilifuata kampeni ya Misitu ni Mali.

Kisha mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kambi ya Benaco ikawa kubwa kama mji. Watu wale walikuwa wamekimbia mauti, na mtu hawezi kulala nje wala kula chakula kibichi. Walihitaji miti ya vibanda na kuni za kupikia, na vilima vilivyozunguka kambi vikabaki vitupu. Wengi walirudi kwao Desemba 1996. Miti haikurudi kwa haraka kama hiyo.

5. Jirani zetu wa mbali

Sasa twende mbali kidogo. Uingereza nako, kwa mamia ya miaka, watu walijenga nyumba za miti. Mti wao mkuu ni mwaloni, ambao ni mgumu sana. Fundi aliuchonga ungali mbichi, akatia ulimi wa mti mmoja katika tundu la mwingine, akaukaza kwa kijiti. Mti ulipokauka, maungo yalikazana zaidi. Na katikati ya nguzo waliziba kwa nini? Walisuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi. Naam, ukuta ule ule wa Ngara!

Mwanzoni nguzo zao nazo zilichimbiwa ardhini na kuoza. Lakini katika karne ya 12 na ya 13 mafundi walianza kuziinua na kuzisimamisha juu ya msingi wa mawe. Miguu ya nguzo ikawa mikavu. Mahali paitwapo Cressing Temple yako maghala mawili ya nafaka yaliyojengwa kwa mwaloni katika karne ya 13, nayo yamesimama hata leo. Siri haikuwa ugumu wa mwaloni peke yake. Mti mkavu wadumu, na mti wenye unyevu waoza, uwe wa Ulaya au wa Afrika.

6. Uchaguzi wetu

Leo watu wengi wa Kagera hutamani nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Ni nyumba nzuri. Ila tukumbuke mambo mawili. Kwanza, tanuri la matofali hula kuni nyingi. Huenda nyumba ya tofali ikamaliza miti zaidi ya nyumba ya miti. Pili, tukumbuke tarehe 10 Septemba, 2016. Siku hiyo tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 lilipiga Kagera, watu zaidi ya 15 wakafa, na maelfu ya nyumba zikapasuka au kuanguka. Ukuta wa tofali usiofungwa na mkanda wa zege juu yake hupasuka ukitikiswa, na ni mzito ukiangukia mtu. Kiunzi cha miti kilichofungwa barabara huyumba kabla ya kuvunjika. Lakini kiunzi kilichooza miguu hakimsaidii mtu yeyote.

Basi, anayejenga kwa miti na ashike mambo haya:

(a) Jenga mahali palipoinuka, na chimba mfereji wa kuondoa maji ya mvua.
(b) Inua msingi wa mawe, na nguzo zisimame juu ya mawe, zisichimbiwe. Kwa kuwa hazikushikwa na ardhi, lazima zifungwe kwa mti wa chini, mti wa juu, na miti ya mshazari katika kila pembe.
(c) Usitumaini nguzo changa ya mkaratusi bila dawa. Mchwa huila upesi. Kuunguza mguu wake kwa moto huchelewesha tu.
(d) Shusha paa lipite ukuta, ili mvua isipige udongo.
(e) Kagua msingi kila mwezi. Ukiona njia ya mchwa, ibomoe siku ile ile. Usipoziba ufa utajenga ukuta.
(f) Panda miti. Nguzo ya mjukuu wako hupandwa leo.

Tena msikate miti mahali palipokatazwa. Sehemu kubwa ya mapori ya Biharamulo na Burigi imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2019. Msitu ambao babu aliuingia na shoka lake bila kuuliza, mjukuu hawezi kuuingia hivyo. Kwa hiyo miti yetu haina budi kutoka katika mashamba yetu wenyewe.

Ndugu wanakisomo, babu zetu walikuwa na msitu, wakati na majirani. Msitu umepungua, na wakati umekuwa fedha. Majirani bado wako. Katika darasa lenu huenda yuko mzee aliyewahi kufunga pete za msonge kwa mikono yake. Mwulizeni leo, na aliyejua kuandika aandike majibu yake daftarini, maana maarifa yasiyoandikwa huondoka pamoja na mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini nyumba ya mviringo huhitaji miti michache kuliko ya pembe nne?
2. Ni miti gani iliyotumika kwa nguzo hapa kwenu zamani? Je, ingaliko?
3. Nyumba zenu zimedumu miaka mingapi, na ni kitu gani kilichoziharibu kwanza: mguu, ukuta au paa?
4. Darasa lenu laweza kupanda miti mingapi masika ijayo, na nani ataitunza?

Mwalimu, wape muda wa kutosha kujibu. Kwaherini, na tukutane katika somo lijalo.