Futuhi Chungu: Kutoka Jukwaani hadi Filamu

Sisi tufundishao Kiswahili Gitega na Muyinga twapenda tamthilia za kuchekesha. Hata hivyo, kipo kicheko kilicho kichungu.

Mwaka 1956 Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi alitoa tamthilia juu ya bibi kizee tajiri arudiye mjini kwao, mji uliofilisika. Awaahidi wenyeji mali tele, mradi wamuue mwanamume aliyempa mimba ujanani kisha akamkana. Mwaka 1992 Djibril Diop Mambéty wa Senegali aliigeuza kuwa filamu ya Kiwolofu, Hyènes, yaani Fisi. Mji ukawa Colobane.

Wenyeji wakataa kwa hasira. Lakini punde waanza kununua viatu vipya kwa mkopo. Mtazamaji hucheka, kisha hujuta kucheka.

Mwaka huohuo Burundi ilipata filamu yake ndefu ya kwanza, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, nayo ni futuhi. Mwaka 1993 vita vikazuka, nasi tungali watoto tukaona jirani akimtoa jirani yake.

Kwa hiyo hapana budi hadithi hii ifundishwe kwa Kiswahili, na mwanafunzi aulizwe: ni nani aliyekopa viatu vya kwanza?