Taa za Land Rover ya zamani zinaangalia upande gani?

UVIRA – Giza likiingia kwenye barabara ya kitaifa namba 5, kati ya Sange na Kiliba, watembea kwa miguu husogea ukingoni. Kuna mama mwenye godoro kichwani, mtoto mwenye bidoni ya maji, kijana anayesukuma baiskeli iliyobeba gunia la makala. Gari linalotoka Kamanyola kuja Uvira huwakuta upande wake wa kulia, kwa kuwa Kongo huendeshwa kulia. Mafare yake ndiyo yanapaswa kuwaona. Lakini si machache kati ya magari yanayokata uwanda wa Ruzizi yaliyotengenezwa kwa nchi ambako watu huendesha kushoto. Taa zake humulika katikati ya barabara, ndani ya macho ya shofa anayekuja mbele, na ukingo wenye watu hubaki gizani.

Tatizo hili ni kongwe kuliko Toyota za okazio zinazoshushwa Dar es Salaam. Lilikuja na Land Rover.

Gari hilo lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Solihull, Uingereza, ilitaka gari la shamba la bei nafuu. La majaribio, lililoundwa mwaka 1947, liliwekewa usukani katikati kabisa kama trekta, ili kiwanda kisihangaike kuunda gari la nchi za kushoto na lingine la nchi za kulia. Wazo zuri, ila halikufaa kazini, na usukani ukarudishwa pembeni. Tangu hapo kila Land Rover imekuwa na upande wake, na taa zake vilevile.

Gari la shamba hufanya kazi mchana, na inaonekana. Land Rover za mwanzo zilikuwa na mafare madogo yaliyofichwa nyuma ya wavu wa chuma, karibu karibu kama macho ya bundi. Usiku, anayekuja mbele hakuweza kukadiria upana wa gari. Mafare yalihamishiwa kwenye mabawa mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu sheria za nchi kadhaa zilianza kuyakataa pale katikati. Klinyota, ambazo ng'ambo ya ziwa huitwa indiketa, hazikuwepo kabisa kwenye zile za kwanza. Shofa alitoa mkono dirishani. Sasa fikiria gari la usukani wa kulia kwenye barabara ya Kongo: mkono huo hutokea upande wa majani, na anayetaka kulipita gari kwa kushoto haoni kitu.

Wabelgiji walikuwa na Land Rover yao. Kuanzia mwaka 1952 kiwanda cha Minerva, mjini Antwerp, kiliziunda kwa leseni ya Rover kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji, zikiwa na bodi ya chuma badala ya aluminiamu, na usukani wa kushoto. Kwa barabara za koloni hizo zilikuwa upande sahihi. Lakini ziwa Tanganyika halikugawa bendera peke yake. Mashariki, Waingereza waliendesha kushoto. Magharibi, na kaskazini katika Ruanda-Urundi, watu waliendesha kulia. Gari lililovuka mpaka lilivuka na macho yake yakiangalia upande wa kule lilikotoka.

Na magari yalivuka hasa watu walipokimbia. Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru, Jane Goodall alifika Kigoma akitoka Nairobi kwa Land Rover, pamoja na mama yake Vanne na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, aliyeendesha. Walikuwa njiani kwenda Gombe kuchunguza sokwe. Wakaukuta mji umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa kutoka Kongo, na wakasaidia kuwaandalia mikate ya nyama ya kopo kabla ya kuendelea na safari yao.

Miaka saba baadaye, Dian Fossey, mchunguzi wa sokwe wakubwa wa milima, alishushwa na askari kutoka kambi yake ya Kabara, Kivu ya Kaskazini, akazuiliwa Rumangabo. Alikuwa na Land Rover aliyoiita Lily, iliyonunuliwa Nairobi. Aliwaambia askari kwamba karatasi za gari zilihitaji kurekebishwa Uganda na kwamba kule angepata pesa. Wakamsindikiza hadi Kisoro, na huko akaokoka. Ni karatasi za gari zilizomfungulia njia, jambo ambalo yeyote aliyewahi kusimama kwenye barriera atalielewa.

Barabara ya Uvira yenyewe imebeba wakimbizi mara nyingi kuliko inavyohesabika kirahisi: Mei 1964 Wasimba walipoingia mjini, Oktoba 1996 AFDL walipofika, na Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa M23, familia zilipoteremka uwandani na nyingine kuvuka mto Ruzizi hadi Burundi. Watu wanaokimbia hawachagui saa ya kutembea.

Ndiyo maana fundi anayefufua Land Rover ya zamani leo, akianza na ampuli kali, anaanza mahali pabaya. Kwanza ni nyaya. Taa ikipoteza sehemu moja ya kumi ya umeme wake njiani, mwanga hupungua kwa karibu theluthi moja. Land Rover za zamani hupitisha umeme wote wa mafare ndani ya swichi ya dashibodi na waya mwembamba wa miaka 60. Ukiweka relei karibu na batri na waya mnene, mara nyingi ampuli ileile huwaka kama mpya. Masi nayo husumbua. Bodi ni aluminiamu, chasi ni chuma, na kati yake huota unga mweupe unaozuia umeme. Gari lililolala ndani ya tope, kama mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 yalivyoacha tope kila kona ya mji, afadhali lipewe waya wa masi kwa kila taa.

Kabla ya kununua kitu, batri iangaliwe. Land Rover nyingi za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 hufunga chanya kwenye chasi, si hasi. Ukiunga alternateri au taa za LED bila kugeuza mfumo huo, unachoma pesa.

LED kwenye klinyota ni nzuri, kwa kuwa dinamo ya zamani haina nguvu nyingi. Ila kile kidude kinachofanya taa iwake na kuzima hupata joto kutokana na umeme wa ampuli mbili za wati 21. LED hula kidogo mno, basi hakipati joto: klinyota hubaki zimeganda, au hucheza haraka kama ampuli imekufa. Dawa ni kukibadilisha kwa kile cha elektroniki. Kwenye mafare, LED ni hatari zaidi. Kioo cha nyuma kilichongwa kwa ajili ya uzi mdogo wa ampuli uliokaa mahali pamoja maalumu. LED isiyokaa pale hutawanya mwanga kila upande. Mwenye gari hufurahi kuona weupe, anayekuja mbele hupofuka.

Zaire ilijiunga na Mkataba wa Vienna wa usafiri barabarani mwaka 1977, na tarehe 30 Agosti 1978 ikapata sheria yake ya barabara, namba 78-022. Mkataba huo unataka taa fupi imulike angalau mita 40 bila kumpofusha anayekuja. Neno la mwisho ndilo husahaulika.

Kujua taa inaangalia wapi hakuhitaji mashine. Simama mbele ya gari utazame kioo cha fare. Kwenye taa zilizoidhinishwa kwa viwango vya Ulaya, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia unamaanisha taa ni ya nchi za kushoto: Tanzania, Kenya, Uganda. Mshale wenye vichwa viwili, inafaa pande zote. Pasipo mshale, ni ya nchi za kulia, kama Kongo na Burundi. Kioo kikiwa kimefutika, subiri usiku, simamisha gari mbele ya ukuta, washa taa fupi, kisha tazama ukiwa kwenye usukani. Ukingo wa mwanga ukipanda kushoto, ampuli mpya haitarekebisha chochote. Utepe mweusi juu ya kipande kile cha kioo utamlinda shofa mwenzako, lakini mama mwenye godoro bado hataonekana. Fare yenyewe ndiyo inabadilishwa, na kwa Land Rover kazi hiyo ni skrubu chache tu.