Kujifunza ufundi kwa simu: kinachowezekana nyumbani na kinachohitaji karakana

Fundi wa pikipiki pale senta, aliyejifunza kwa kumshikia spana fundi mwenzake, anaweza kufungua injini na kuifunga bila kutazama kitabu. Siku akiletewa pikipiki isiyo na kabureta, inayoongozwa na kompyuta ndogo, anatoa simu mfukoni na kutafuta video. Hapo tayari ameanza kusoma kidijitali, ingawa hakuna chuo kilichomwandikisha.

Kwa vijana wa Nyambureti na kata nyingine za Serengeti na Tarime, jambo hili lina uzito. Chuo cha VETA cha mkoa wetu wa Mara kiko Musoma. Kwenda kusoma huko ni nauli, chakula, mahali pa kulala, na mikono inayopungua shambani. Kama sehemu ya masomo inaweza kufanyika nyumbani, mzigo wa mzazi unapungua. Lakini wapo pia wanaouza "kozi" za simu peke yake, na anayelipa anaishia na karatasi ambayo mwajiri haitambui. Kwa hiyo ni vizuri kujua simu inaweza kukufikisha wapi, na wapi lazima uingie karakana.

VSOMO: darasa kwenye simu, vitendo chuoni

VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mwaka 2016, kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel Tanzania, ilizindua programu ya simu iitwayo VSOMO. Wazo lake lilikuwa rahisi: mwanafunzi asome nadharia ya kozi fupi kwenye simu, ajibu maswali ya majaribio, na akifaulu aende kwenye chuo cha VETA kufanya mafunzo kwa vitendo kabla ya kupewa cheti.

Jambo la kukumbuka katika mpango huo ni mgawanyo wake. Simu ilibeba nadharia, karakana ikabaki na vitendo. Hakuna aliyeahidiwa kuwa fundi kwa kusoma kwenye simu tu. Mpango wowote wa mtandaoni utakaousikia leo, upime kwa kipimo hicho hicho.

Simu inafundisha nini vizuri

Simu inafaa kwa mambo ya kuelewa na kukumbuka: majina ya zana, kanuni za usalama, kusoma michoro na kupiga hesabu. Chukua mfano wa umeme. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampia. Pasi ya wati 1,000 kwenye umeme wa volti 230 inachukua zaidi kidogo ya ampia 4. Hesabu hiyo ndiyo inayokuongoza kuchagua waya na fyuzi, na unaweza kuirudia usiku nyumbani mpaka ikae kichwani.

Faida nyingine ya video ni kwamba unaweza kuisimamisha. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi akionyesha jinsi ya kupanga gia mara moja, aliyekaa nyuma huenda asione. Kwenye simu unarudisha nyuma hata mara kumi. Pia unaweza kujirekodi ukifanya kazi, ukamtumia mwalimu au fundi mzoefu kwa WhatsApp akakuonyesha ulipokosea.

Simu haiwezi kufundisha nini

Mchomeleaji mzuri anasikia kwa sikio kama moto umekaa sawa. Anajua kwa mkono kasi ya kutembeza elektrodi na umbali wake kutoka kwenye chuma. Mwashi anaijua zege iliyozidi maji kwa kuigeuza na koleo. Ujuzi wa namna hii unakuja kwa kufanya, kukosea na kusahihishwa na aliyesimama pembeni yako.

Duniani zipo mashine za kuigiza uchomeleaji. Mwanafunzi anavaa kofia yenye kioo cha kompyuta, anashika kishikio kisicho na moto, na mashine inampa alama kwa kila mstari anaouchora. Zinaokoa vyuma na elektrodi, na anayeanza haungui. Hata hivyo, bei yake ni kubwa, na aliyejifunzia huko bado lazima aje achomelee chuma halisi kabla ya kuaminiwa na geti la mteja.

Kwenye umeme hatari ni kubwa zaidi. Kufunga nyaya za nyumba ni kazi ya mwenye leseni ya EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji. Video inaweza kukusaidia kuelewa, lakini haikupi ruhusa ya kuunganisha nyumba ya mtu. Kosa moja linaweza kuchoma nyumba au kuua.

Kama tayari wewe ni fundi

Mafundi wengi wa vijijini wana ujuzi bila cheti. Kwao kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, unaoitwa pia urasimishaji wa ujuzi. VETA inampima fundi kwa maswali na kwa kazi ya mikono. Akionekana ana pengo, anafundishwa sehemu hiyo, kisha anapewa cheti. Fani zilizohusishwa ni pamoja na uashi, useremala, ufundi magari na upishi.

Hapa ndipo simu inapomfaa sana fundi mzoefu. Mara nyingi mikono yake iko sawa. Kinachompiga chenga ni majina rasmi, vipimo na kanuni za usalama. Hayo anaweza kuyasoma taratibu kabla ya siku ya kupimwa, bila kufunga kibanda chake. Na cheti kina kazi yake: hoteli za watalii kandokando ya hifadhi ya Serengeti na kampuni zinazofanya kazi kwenye mgodi wa North Mara haziwezi kumpima kila mwombaji kwa kumtazama. Zinaanza na karatasi.

Vyuo vya karibu na shule za sekondari

Mbali na VETA, mkoa wetu una vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo nchini vilianzishwa kuanzia mwaka 1975. Vipo Tarime, Musoma na Kisangwa wilayani Bunda. Vinafundisha ufundi kwa kozi ndefu na fupi, na vinaweza kuwa karibu nawe kuliko unavyodhani.

Kwa wazazi wenye watoto wa sekondari, mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali. Mwanafunzi wa mkondo huo anasoma fani ya ufundi pamoja na masomo ya kawaida. Si kila shule inautoa, hivyo muulize mkuu wa shule mapema.

Kubana bando

Video inakula bando haraka. Pakua masomo ukiwa mahali penye mtandao mzuri, yahifadhi kwenye simu au kadi ya kumbukumbu, kisha yatazame nyumbani bila intaneti. Punguza ubora wa picha kabla ya kupakua. Mkiwa wawili au watatu mnaosoma fani moja, mmoja apakue na kuwatumia wenzake kwa Bluetooth. Maandishi na michoro ni nafuu kuliko video, na mara nyingi vinatosha kwa nadharia.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na ufundi stadi?
2. Mafunzo kwa vitendo yanafanyika wapi, kwa siku ngapi, na kwenye zana zipi?
3. Nani anapima, na cheti kinatolewa na nani?
4. Gharama yote ni kiasi gani, ukijumlisha bando, nauli, vifaa na malazi?
5. Malipo yanafanyika kwa namba ya kumbukumbu au akaunti ya chuo, au kwa namba ya simu ya mtu binafsi?

Kama swali la pili halina jibu linaloeleweka, usitoe hela. Kama malipo yanakwenda kwenye simu ya mtu, simama kwanza, upige simu chuoni au uulize ofisi ya kata.

Na kama huna hela ya chuo mwaka huu, bado unaweza kuanza. Tafuta fundi anayekubali kukupokea, umshikie zana mchana, na jioni usome kwenye simu sababu ya kile ulichomwona akifanya. Andika kwenye daftari kila kazi mliyofanya na tarehe yake. Siku utakayokwenda kupimwa, hutaanza kukumbuka upya.