Vipuri vya Bunduki za Wenzo: Biashara Iliyozaliwa na Ahadi Isiyotimia

Bunduki ya wenzo ni ile ambayo mpigaji husukuma mbele na kurudisha nyuma mkono wa chuma uliokizunguka kifyatuo, na kwa tendo hilo moja ganda lililotumika hutupwa nje, nyundo hupandishwa, na risasi mpya huingia katika chemba, kwa kawaida kutoka kwenye bomba lililolala chini ya mtutu. Silaha ya namna hii ilikuzwa Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 19, hasa katika jimbo la Connecticut, na kwa kuwa nyingi zimeishi miaka mingi kuliko viwanda vilivyoziunda, imezuka kando yake biashara pana ya vipuri visivyotoka kwa mtengenezaji wa asili. Biashara hiyo huelezwa mara nyingi kuwa ni tunda la ufundi wa kutengeneza vipande vinavyofanana kabisa, lakini historia yake yaonyesha karibu kinyume, kwamba imestawi kila mara viwanda viliposhindwa kuitimiza ahadi ya vipande hivyo, ama kwa kubana gharama, ama kwa kufilisika.

Ahadi yenyewe ni ya zamani kuliko wenzo. Mwaka 1801 Eli Whitney alionyesha mbele ya wakuu wa serikali mjini Washington namna vipande vya mitambo ya bunduki zake vilivyoweza kubadilishwa kimoja kwa kingine, na sifa aliyoipata siku hiyo ilidumu zaidi ya karne moja, hadi watafiti walipozichunguza bunduki zake zilizosalia wakakuta kuwa vipande vyake havikuwa vinabadilishana kama ilivyodhaniwa. Waliolifikia lengo hilo kwa kweli ni watu wasiotajwa sana: Simeon North, ambaye mkataba wake wa bastola wa mwaka 1813 uliweka sharti hilo kwa maandishi, na John Hall, aliyefanya kazi katika karakana ya serikali ya Harpers Ferry katika miaka ya 1820 akitumia geji, yaani vipimo vya chuma ambavyo kila kipande kilipaswa kuingia au kukataa kuingia. Njia hiyo ilikuwa ghali mno, na serikali pekee ndiyo iliyokuwa na fedha na sababu ya kuigharamia.

Viwanda vya watu binafsi vilichukua mashine na kuacha nusu ya nidhamu. Oliver Winchester, aliyekuwa mtengenezaji wa mashati, aliingiza fedha katika kampuni ya silaha ya Volcanic iliyoanzishwa mwaka 1855, na msimamizi wa karakana yake, Benjamin Tyler Henry, alipata hataza ya bunduki yake mwezi Oktoba 1860. Bunduki ya Henry, yenye kiunzi, yaani mwili unaobeba mitambo, cha shaba nyeupe na bomba la risasi 16, ilitengenezwa kwa idadi isiyofika 15,000, kisha mwaka 1866 ikarithiwa na ya kwanza kuitwa Winchester, ambayo Nelson King aliiongezea kilango cha kujazia risasi ubavuni. Ndani ya bunduki hizi komeo, yaani kipande kinachoziba nyuma ya chemba, lilishikiliwa na jozi ya viungo vinavyokunjika na kunyooka kama goti, na viungo hivyo vilihitaji kulingana sawasawa ili mzigo wa mlipuko ugawanyike pande zote mbili. Kwa sababu hiyo mafundi wenye tupa walibaki mwishoni mwa mstari wa uundaji, wakipunguza hapa na kusugua pale hadi kila bunduki ikubali vipande vyake. Kipande kilichotolewa katika bunduki moja kiliweza kuingia katika nyingine, lakini kuingia si kufaa.

Katalogi za Winchester ziliorodhesha kila kipande kwa jina na bei, hivyo mfugaji wa Montana aliweza kuagiza springi au skrubu kwa barua. Kwa wale ambao barua zao zisingejibiwa, ufundi ulifanyika papo hapo: Walakota na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani, ambao machimbo ya akiolojia yaliyofanywa Little Bighorn mwaka 1984 yalithibitisha kuwa walipigana na kikosi cha Custer cha jeshi la Marekani mwaka 1876 wakiwa na bunduki nyingi za Henry na Winchester, walifunga vitako vilivyopasuka kwa ngozi mbichi, ambayo ikikauka hukaza kuliko parafujo. Vipuri vya kwanza vya nje vilivyopata soko la kudumu, hata hivyo, havikuwa vya kurekebisha uharibifu. William Lyman wa Middlefield, Connecticut, alipata mwaka 1879 hataza ya kilengeo cha duara kinachofungwa nyuma ya nyundo, karibu na jicho, na wawindaji walikinunua kwa sababu vilengeo vya kiwandani vilikuwa hafifu. Hapo ndipo biashara hii ilipopata tabia iliyo nayo hadi leo, kwamba mnunuzi hulipia kile ambacho kiwanda kingeweza kufanya na hakikufanya.

Bunduki iliyoitajirisha biashara hiyo kuliko zote ni Winchester ya mwaka 1894, iliyobuniwa na John Moses Browning wa Ogden, Utah, na ambayo kuanzia mwaka 1895 iliuzwa na risasi ya .30-30 yenye baruti isiyotoa moshi. Zaidi ya milioni saba zilitengenezwa. Kampuni ilifilisika mwaka 1931 ikanunuliwa na familia ya Olin, na bunduki ikaendelea kuundwa kwa namna ileile ya kuchonga vipande kutoka chuma kilichofuliwa, hadi mishahara ya mafundi ilipoifanya namna hiyo isilipe. Mwaka 1964 menejimenti ilibadilisha mambo mengi kwa mpigo: kipande kinachoinua risasi kuelekea chemba kikawa cha bati la chuma lililokatwa kwa mashine, baadhi ya pini zilizojaa zikawa mirija ya bati lililokunjwa, na chuma cha kiunzi kikawa cha aina isiyokubali vizuri rangi ya buluu ya kawaida. Bunduki hizo zilipiga shabaha kama zilivyopiga za kale, na lawama nyingi zilizozipata zilitokana na sura kuliko utendaji. Lakini wanunuzi walisikia mlio wa bati kila walipovuta wenzo, na jambo hilo lilitosha. Tangu hapo Wamarekani hugawa Winchester kuwa za kabla ya 64 na za baada yake, vipande kadhaa vya pande hizo mbili havibadilishani, na ingawa kiwanda kilirudisha ubora kidogo kidogo katika miaka ya 1970, soko la pini zilizojaa na vipande vya chuma kizito lilikuwa limekwisha kupata wateja.

Wauzaji walikuwapo tayari kuwapokea. Brownells ilianzishwa Montezuma, Iowa, mwaka 1939, ikiwauzia mafundi bunduki zana na kemikali, na Numrich ilianza jimboni New York mwaka 1950, ikinunua akiba za viwanda vilivyofungwa na kufungua bunduki mbovu ili kuuza kilichosalia ndani yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 iliipa biashara hii msukumo ambao huenda haukukusudiwa: ilipiga marufuku kumtumia raia bunduki nzima kwa posta, lakini ilitambua kiunzi peke yake kuwa ndicho silaha, hivyo mtutu, komeo, nyundo na springi za bunduki ya wenzo zikabaki bidhaa za kutumwa nyumbani kama mnyororo wa baiskeli. Hali si hiyo kila mahali. Nchini Kenya, ambako Theodore Roosevelt alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909 akiwa na Winchester ya muundo wa 1895 kwa ajili ya kuwinda simba, sheria ya silaha huhesabu kipande cha bunduki kuwa bunduki, na anayekiagiza kutoka ng'ambo bila kibali hujitafutia kesi.

Wateja wapya walitokea California katika miaka ya 1980, pale mashindano ya kulenga shabaha kwa silaha na mavazi ya enzi ya wachunga ng'ombe yalipopata chama rasmi mwaka 1987. Washindani wengi walitaka Winchester ya muundo wa 1873, na kwa kuwa za asili ni ghali, walinunua nakala za Uberti wa Italia. Mashindano hayo huhesabu sekunde, na mwendo wa wenzo wa 1873 ni mrefu. Ndipo mafundi walipobuni seti ya viungo vya goti na kiinua risasi ambavyo matundu yake yamesogezwa, ili mkono usafiri masafa mafupi zaidi. Ni ubunifu wa werevu mkubwa, tena wenye kejeli, kwa sababu bunduki inayonunuliwa kwa kupenda historia hugeuzwa kuwa kitu ambacho mtu wa 1873 asingekitambua mkononi. Aidha, kipande kilichoundwa kwa ajili ya nakala ya Italia mara nyingi hakiingii katika Winchester ya kweli, hata kama kwa macho vinalingana.

Marlin, mshindani mkuu wa Winchester, alifika kuchelewa katika mkasa huu. Muundo wake wa 336 wa mwaka 1948 ulisifiwa kwa uimara, lakini Remington ilipoinunua kampuni mwaka 2008, kisha ikafunga kiwanda cha North Haven na kuhamishia mashine zilizochakaa Ilion, New York, mafundi waliojua kasoro za kila mashine hawakuhama nazo, na michoro iliyokuwapo haikulingana na kile walichokuwa wakikifanya kwa mikono. Bunduki za miaka iliyofuata zilitoka na vilengeo vilivyopinda na mbao zenye mianya, na kampuni ndogo zikajaza pengo kwa kuuza wenzo, kulabu za kung'olea maganda na vifyatuo. Wanunuzi wa mitumba walianza kutafuta chapa ya herufi JM kwenye mtutu, alama ya North Haven, wakilipa bei ya juu kwa herufi hizo mbili. Remington ilipofilisika mwaka 2020, Ruger ilinunua Marlin, ikachora upya vipande kwa kompyuta, na bunduki zake za kwanza zikatoka mwishoni mwa mwaka 2021.

Kwa hiyo jina la Marlin leo lina vizazi vitatu, kama lilivyo la Winchester, ambayo kiwanda chake cha New Haven kilifungwa mwaka 2006 na bunduki zake za wenzo sasa huundwa na Miroku wa Japani. Mnunuzi anayetaja muundo bila kutaja mwaka hajataja kitu. Springi na skrubu anaweza kuzibadilisha mwenyewe, lakini komeo na mtutu ni kazi ya fundi mwenye geji, kwa sababu nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi ikizidi kiasi kidogo tu, ganda hupasuka ndani ya chemba, na gesi yake hurudi upande wa uso wa mpigaji.