Nani Alimbadilisha Ged Rangi?

Kitabu chenyewe nilikinunua soo moja pale Tom Mboya Street, kwa wale wauzaji wa inama-inama wanaotandaza vitabu chini juu ya gunia. Jalada lilikuwa limeng'oka, kwa hivyo hakukuwa na picha ya kuniambia nimuone nani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo, sina kazi. Kilikuwa A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin, Mmarekani, na kilitoka mwaka 1968.

Ni hadithi ya Ged, mtoto wa mhunzi, mchunga mbuzi kwenye kisiwa cha milima, anayegundua kwamba ana nguvu za uchawi. Nilikuwa nimeshamzoea nilipofika mahali panaposema ngozi yake ni hudhurungi yenye wekundu. Nikarudia sentensi. Rafiki yake mkubwa, Vetch, ni mweusi kabisa. Weupe wapo pia, lakini mwanzoni mwa kitabu wao ndio wavamizi wanaokuja kuchoma vijiji. Le Guin hakupigia jambo hilo kelele. Alikuacha umpende Ged kwanza, ndipo ushtuke. Tangu siku hiyo Ged wangu alikuwa na sura ya kijana fulani wa ploti yetu, mwembamba, mwenye maringo kidogo.

Miaka michache baadaye jamaa wa duka la muvi mtaani akaniambia, "Hiyo iko na yake ya TV. Nikuwekee kwa flashi?" Nikamwita dadangu mdogo tutazame pamoja, maana nilikuwa nimemsimulia hadithi yote usiku stima zikipotea. Hatukuenda mbali kabla hajanigeukia.

"Si ulisema Ged anakaa kama sisi?"

Kwenye skrini alikuwa Shawn Ashmore, kijana mzungu. Hiyo ilikuwa tamthilia ya sehemu mbili iliyoonyeshwa na Sci Fi Channel ya Marekani, Desemba 2004. Danny Glover alikuwemo, lakini kama Ogion, mzee anayemfundisha Ged. Sikuwa na jibu la kumpa dadangu.

Jibu nililipata baadaye. Mwezi uo huo wa Desemba, Le Guin aliandika makala kali kwenye jarida la Slate. Alieleza kwamba rangi za watu wake hazikutokea tu. Alizipanga tangu mwanzo, kwa sababu hakuona kwa nini kila shujaa wa fantasia lazima awe mzungu. Alieleza pia mkataba wake. Ulimpa cheo cha mshauri, na mshauri husikilizwa wenye muvi wakitaka. Kufikia wakati alipoweza kusema kitu, kazi ilikuwa imeshaanza.

Na haikuwa vita yake ya kwanza. Jalada la 1968, lililochorwa na Ruth Robbins, lilimwonyesha Ged akiwa wa rangi yake. Matoleo mengi yaliyofuata yalimpaka weupe, na Le Guin alibishana na wachapishaji kwa miaka mingi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni jina. Katika Earthsea, kila mtu ana jina la kutumiwa na watu, na jina la kweli analomwambia anayemwamini kabisa, maana mwenye kulijua ana nguvu juu yake. Watu humwita Kipanga. Ged ndilo jina la siri. Tamthilia iligeuza: Ged likawa la kuitwa ovyo, Kipanga likawa la siri. Ukishaona hivyo unajua waliotengeneza hawakukielewa kitabu walichokinunua.

Ndiyo maana siku hizi, kitabu ninachokipenda kikitangazwa kuwa kinaenda TV, siulizi sana kama watakata sura ya saba. Nauliza: mwandishi ana uwezo wa kusema hapana? Angalia Game of Thrones, iliyoanza HBO mwaka 2011. George R. R. Martin mwenyewe aliandika kipindi kimoja katika kila msimu kati ya minne ya kwanza, na mashabiki wengi bado wanaisifu misimu ile. Kisha tamthilia ikapita vitabu vilipofika. Mwaka 2019 watu zaidi ya milioni moja walitia saini kudai msimu wa mwisho utengenezwe upya. Wengine waliwacheka. Mimi nilimkumbuka dadangu.

Sasa zamu ni ya vitabu vyetu. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba HBO inaandaa Who Fears Death ya Nnedi Okorafor, riwaya ya mwaka 2010 inayotokea Sudan ya siku zijazo, Martin akiwa mmoja wa wasimamizi. Nilifurahi mpaka nikapiga simu nyumbani. Halafu usiku nikaanza kuhesabu wasiwasi: nani ataandika, nani atachaguliwa, jangwa litakuwa la wapi. Bado nangoja, na bado nahesabu.

Le Guin alifariki Januari 2018. Baadaye mwaka huo lilitoka toleo kubwa la vitabu vyote vya Earthsea, lenye michoro ya Charles Vess, ambaye alifanya naye kazi kwa miaka kadhaa. Humo Ged ana rangi yake.

Ile jioni tuliizima tamthilia kabla haijaisha. Nikampa dadangu kile kitabu kisicho na jalada. Alikimaliza kwa siku tatu, akanirudishia, akasema Ged wake anafanana na mjomba. Nilitaka kumbishia, nikanyamaza.