Ukuta Usiosubiri Kukauka, na Vumbi la Kwenye Maungio

Hebu inua kichwa. Kama uko kwenye nyumba ya miaka ya karibuni, Dar au Nairobi, huenda juu yako kuna dari ya jipsamu: bodi zimepigwa skrubu, maungio yakazibwa kwa rojo, yakasuguliwa msasa hadi huoni bodi moja inapoishia. Kwetu jipsamu hukaa zaidi darini. Marekani ndiyo ukuta wenyewe, na historia yake huko ina sehemu ambayo anayekarabati nyumba ya zamani anatakiwa kuijua kabla hajashika nyundo.

Zamani ukuta wa ndani kule ulikuwa kazi ya fundi lipu. Fito nyembamba zinapigiliwa kwenye nguzo za mbao, lipu inapakwa matabaka mawili au matatu, kila tabaka linasubiriwa likauke. Hapo wiki zinakatika tu. Mwaka 1894 Augustine Sackett akapata hataza ya bodi ya jasi (ndiyo jipsamu hiyo hiyo) iliyobanwa kati ya karatasi. Kampuni ya United States Gypsum ikainunua biashara yake mwaka 1909, na baadaye ikaleta bodi iliyoitwa Sheetrock. Watu hawakuikimbilia, kwa aliyezoea lipu ya mkono, bodi ilikuwa ujanja wa kubana matumizi. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyobadili mambo, kwani mafundi walikuwa adimu na majengo yalitakiwa haraka. Vita vilipokwisha, maelfu ya nyumba za Levittown, New York, zilijengwa kwa bodi hizo.

Jasi pia ina siri nzuri. Karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele. Kilo 20 za jasi zina kilo 4 hivi za maji! Nyumba ikishika moto, joto lazima liyafukuze maji hayo kwanza, na upande wa pili wa ukuta unachelewa kuungua. Yaani ukuta mkavu unakulinda kwa maji yake.

Sasa turudi kwenye maungio. Rojo ya kawaida hunywea ikikauka, halafu inapasuka. Kwa miaka mingi dawa ya viwanda ilikuwa kuichanganya na asbesto, nyuzi za madini zilizo rahisi kupatikana, zinazoishika rojo isipasuke. Ikiwa imetulia ukutani, haina neno. Lakini kumaliza ukuta ni kusugua, na kusugua ni vumbi. Mwaka 1975 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Rohl, Langer na Selikoff kuhusu rojo hizi zilizouzwa madukani: kuchanganya unga wake na kuisugua kulirusha nyuzi za asbesto hewani. Hapo hatuzungumzii mafundi peke yao. Ni baba aliyekuwa akitengeneza chumba mwishoni mwa wiki, watoto wakicheza pembeni. Mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, inaweza kujitokeza baada ya miaka 30 au zaidi, wakati hakuna anayekumbuka tena chumba kile.

Marekani ilizipiga marufuku rojo hizo mwaka 1977. Marufuku ilihusu bidhaa madukani, kuta zilibaki. Kwa hiyo kama uko huko na nyumba ni ya kabla ya miaka ya 1980, usisugue, usitoboe, usivunje. Mtu aliyefunzwa achukue kipande kidogo kipelekwe maabara kwanza, maana rojo yenye asbesto na isiyo nayo, kwa macho, ni nyeupe ile ile.